Sura ya Tano: Kupima Kishindo

Mchuuzi wa nazi anaweza kubeba tenga zima kichwani kutoka shambani hadi sokoni, akipiga gumzo njia nzima, na asipatwe na neno. Nazi moja tu katika hizo ikimdondokea kutoka kileleni mwa mnazi inaweza kumuua. Uzito wake haukuongezeka ilipokuwa hewani. Ipime kabla haijaanguka, uipime tena ikiwa imekwisha kulala chini, mizani itakupa jibu lilelile. Kilichoongezeka njiani ni nini basi, na mtu akitaka kukipima ashike chombo gani?

Swali hilo liliwashughulisha wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja, na liliwagombanisha vibaya. Ugomvi wenyewe una mafunzo kuliko majibu, kwa maana vyombo vilivyoundwa ili kuumaliza vilifanya kazi yake sawasawa. Wenye ugomvi ndio waliokuwa hawajakubaliana wanauliza nini.

Tuanze na Galileo Galilei. Kitabu chake kikubwa cha mwisho kuhusu mwendo kilichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, yeye akiwa kifungoni nyumbani kwake karibu na Firenze. Kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo yaliyogawanywa kwa siku, na alikusudia kuongeza siku moja zaidi iliyohusu nguvu ya pigo. Siku hiyo haikumo katika chapa ya 1638. Ilikuja kuchapwa mwaka 1718, miaka 76 baada ya yeye kufa. Ndani yake anamleta rafiki yake, Paolo Aproino wa Treviso, asimulie jaribio ambalo mimi naliona kuwa miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya karne ile.

Chukua mti wa mizani. Upande mmoja ning'iniza ndoo mbili, moja chini ya nyingine, katikati yake pakiwa na nafasi ya kutosha. Ndoo ya juu ijaze maji; kitako chake kina tundu lililozibwa. Ya chini ni tupu. Upande wa pili wa mizani tundika uzito hadi mti ulale sawa. Sasa zibua tundu. Maji yanashuka na kuipiga ndoo ya chini. Kama pigo lina nguvu yake mbali na uzito wa maji, upande wa ndoo utashuka, na wewe utaongeza mawe upande wa pili hadi usawa urudi. Mawe hayo ya nyongeza ndiyo kipimo cha pigo. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya wengi waliokuwepo.

Mizani ikafanya kinyume. Tundu lilipozibuliwa, upande wa ndoo ulipanda. Kisha, mara maji ya kwanza yalipoigonga ndoo ya chini, mti ukarudi ukalala sawa, ukabaki hivyo huku maji yakiendelea kumiminika.

Ukilitafakari, jambo hili lina sababu iliyo wazi. Maji yaliyo hewani, kati ya ndoo na ndoo, hayakushikwa na chochote, mizani haiyabebi. Kwa hiyo mara mfereji unapoanza kushuka, upande ule unapungukiwa na uzito wa maji yaliyo njiani. Maji yanapofika chini, pigo lake linafidia upungufu uleule, bila kuzidi wala kupungua. Kwa maneno mengine, pigo la mfereji usiokatika linapimika kwa mawe ya mizani: lina thamani sawa na uzito wa maji yaliyo angani wakati huo.

Lakini hilo ni pigo linalojirudia bila kukoma. Pigo moja, la nyundo moja, lilimshinda Galileo. Alitazama mafundi wakipigilia nguzo ardhini kwa gogo zito linaloinuliwa na kuachiwa. Gogo likiwekwa tu juu ya nguzo, nguzo haitikisiki. Likiangushwa, nguzo inazama. Ukitaka kuizamisha vilevile kwa mzigo uliotulia, utahitaji mzigo mkubwa mno. Na nguzo ikizidi kuwa ngumu kuzama, mzigo huo unazidi kukua, ilhali gogo ni lile na urefu wa kuangukia ni uleule. Hakupata idadi moja ya ratili ambayo angeweza kusema hiyo ndiyo thamani ya pigo. Akafikia uamuzi kwamba nguvu ya pigo, ikilinganishwa na mzigo mfu, haina kikomo. Leo tungesema kani ya pigo hutegemea jinsi kitu kinavyosimamishwa. Kisimamishe upesi, kani inakuwa kubwa. Kipe nafasi ya kuzama, kani inapungua. Kumuuliza nyundo ana ratili ngapi za pigo ni kumwonea.

Ikabidi watu waache kulinganisha pigo na mzigo, watazame kile ambacho pigo linakiacha nyuma yake.

Kabla vyombo havijaingia uwanjani, ugomvi ulianzia kwenye karatasi. René Descartes alikuwa amefundisha kwamba Mungu alipoumba ulimwengu alitia ndani yake kiasi fulani cha mwendo, na kiasi hicho hakipungui. Kukipata, zidisha ukubwa wa kitu kwa kasi yake. Machi 1686, katika jarida la Acta Eruditorum lililokuwa likitoka Leipzig, Gottfried Wilhelm Leibniz aliandika makala fupi akidai kwamba Descartes alikosea, na akalionyesha kosa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata.

Kitu cha ratili 1 kinaanguka dhiraa 4. Kingine cha ratili 4 kinaanguka dhiraa 1. Kazi ya kuvirudisha juu ni sawa, kwa kuwa kuinua ratili 4 kwa dhiraa 1 ni sawa na kuinua ratili 1 kwa dhiraa 1, mara nne. Basi vilipofika chini vilikuwa na nguvu sawa. Sasa tazama kasi. Galileo alikwisha kuonyesha kwamba kitu kikianguka kutoka urefu mara 4, kasi yake ya mwisho huwa mara 2. Ukizidisha kwa njia ya Descartes, cha kwanza kina 1 mara 2, yaani 2. Cha pili kina 4 mara 1, yaani 4. Havilingani. Lakini ukiizidisha kasi kwa yenyewe kwanza, cha kwanza kinapata 1 mara 4, cha pili 4 mara 1. Vinalingana. Leibniz akakiita kiasi hiki nguvu hai, akikitofautisha na nguvu mfu ya mzigo uliotulia.

Uingereza haikupendezwa. Wafuasi wa Isaac Newton walikuwa na sababu zao za kumshuku Leibniz kwa kila jambo: wawili hao walikuwa wamegombea heshima ya kuvumbua kalkulasi, na pande mbili hazikuwa zikisalimiana. Kwa Newton, kipimo cha mwendo wa kitu kilikuwa tungamo mara kasi, basi. Kasi mraba ilionekana Kijerumani mno.

Mwaka ule ule wa 1718 Firenze ilipochapa siku ya pigo ya Galileo, Padua ilitoa kitabu cha profesa wake, Giovanni Poleni, kuhusu kugawa maji ya mito. Si mahali ambapo mtu angetafuta jibu la ugomvi wa falsafa, lakini Poleni alilitia humo. Alichukua chombo chenye shahamu iliyoganda, akaangushia matufe yenye ukubwa mmoja na uzito tofauti. Tufe jepesi alilipandisha juu zaidi, zito akaliteremsha, akipanga urefu uwe kinyume cha uzito. Mashimo katika shahamu yalitoka sawa. Hesabu ya Leibniz, iliyokuwa ya kichwani tu, ilikuwa imepata alama ambayo mtu angeweza kuitia kidole.

Poleni hakusikika sana mwanzoni. Aliyewafanya watu wasikie alikuwa Mholanzi, na tena alikuwa mtu wa Newton.

Willem Jacob 's Gravesande alizaliwa 1688, akasoma sheria Leiden. Mwaka 1715 alikwenda London akiwa katibu wa ujumbe wa Uholanzi, akakutana na Newton, akaingizwa katika Royal Society. Mwaka 1717 alipewa uprofesa wa hisabati na unajimu Leiden. Mihadhara yake ilikuwa na jambo ambalo vyuo vingi havikulizoea: mezani palikuwa na vyombo, na mwanafunzi aliona kanuni ikitokea mbele yake. Vyombo vilitengenezwa na fundi wa mjini humo, Jan van Musschenbroek. Mikono yake ilikuwa hodari kwa shaba na mbao, na vingi vya vyombo hivyo bado vipo, katika jumba la makumbusho la Boerhaave, Leiden.

Kitabu cha 's Gravesande cha fizikia, kilichotoka kuanzia 1720, kiliyaeleza mambo kwa njia ya Newton, nguvu ikiwa ni tungamo mara kasi. Kisha akajenga chombo cha kuangushia matufe kwenye udongo.

Nataka tukae kidogo kwenye chombo hiki, maana urahisi wake unadanganya. Chini kuna udongo laini wa mfinyanzi uliosawazishwa. Juu, matufe ya shaba yanaachiwa kutoka urefu unaojulikana. Matufe matatu yana kipenyo kimoja lakini mengine yana uwazi ndani, hivi kwamba uzito wake ni 1, 2 na 3. Urefu wa kuangukia unageuzwa: la uzito wa 1 linaanguka kutoka 3, la 2 kutoka 1 na nusu, la 3 kutoka 1. Kila mara, uzito ukizidishwa kwa urefu, jibu ni 3.

Kwa nini udongo? Kwa sababu haurushi. Tufe likigonga ubao, sehemu ya mwendo inarudi juu pamoja nalo na hesabu inavurugika. Udongo unapokea kila kitu na kukihifadhi kwa umbo la shimo. Shahamu hufanya hivyo pia, ila joto la chumba huibadilisha kutoka saa hadi saa.

Na kwa nini kipenyo kimoja? Hapa ndipo akili ya mtengenezaji inapoonekana. Hakuna aliyejua kanuni ya udongo: unakinza kiasi gani, na ukinzani unaongezekaje shimo likizidi kwenda chini. Bila kanuni hiyo, kuwa na shimo moja la kina cha vidole viwili na jingine la vidole vitatu hakukuambii lolote la uhakika. Lakini matufe yakiwa na kipenyo kimoja, mashimo mawili yenye upana sawa yana kina sawa na ujazo sawa, na udongo uliosukumwa ni uleule, kwa kanuni yoyote ile. Chombo hakihitaji kupima shimo. Kinahitaji kuuliza tu: haya ni sawa, au si sawa? Jicho na bikari vinatosha. Vyombo vingi vya gharama vya siku zetu vingefurahi kuwa na busara hiyo.

Mashimo yalikuwa sawa.

Kwa hesabu ya Newton hayakupaswa kuwa hivyo. Tufe la uzito wa 1 lililoanguka kutoka 3 linafika na kasi ya takriban 1.73, ikiwa la uzito wa 3 lililoanguka kutoka 1 linafika na kasi ya 1. Tungamo mara kasi inatupa 1.73 dhidi ya 3, tofauti ambayo jicho lingeiona hata gizani. Tungamo mara kasi mraba inatupa 3 dhidi ya 3. 's Gravesande aliyakubali matokeo, akakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekosea, na mwaka 1722 akachapisha nadharia mpya ya migongano katika jarida la The Hague. Hakuwa amehama kambi. Aliendelea kufundisha fizikia ya Newton maisha yake yote. Katika jambo hili moja tu aliona udongo unasema vingine.

London walilichukulia kama usaliti. Henry Pemberton alimjibu Poleni mwaka huohuo wa 1722. Samuel Clarke, mchungaji aliyekuwa amejibizana na Leibniz kwa barua hadi Leibniz akafa, alichapisha barua mwaka 1728 yenye maneno makali dhidi ya watu wa nguvu hai, akiwaona kama wanaochafua jina la Newton aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ufaransa ugomvi uliingia hadi ndani ya nyumba moja. Katika kasri la Cirey, Émilie du Châtelet aliandika kitabu cha fizikia kilichotoka 1740 akiitetea nguvu hai, akajibizana hadharani na katibu wa Chuo cha Sayansi cha Paris, Dortous de Mairan. Mwenzake wa nyumba hiyo, Voltaire, ambaye aliwahi kwenda Leiden kumsikiliza 's Gravesande, alibaki upande wa pili na mwaka 1741 akapeleka hoja zake kwenye chuo hichohicho. Siku hizi utasoma mahali pengi kwamba du Châtelet ndiye aliyeangusha matufe kwenye udongo. Majaribio yalikuwa ya Poleni na 's Gravesande. Kazi yake yeye ilikuwa kuyaweka mahali pake katika hoja, na hiyo si kazi ndogo. Hata Immanuel Kant, bado kijana, aliandika kitabu chake cha kwanza juu ya suala hili hili, akitaka kuwapatanisha, na hakufaulu.

Hoja nzito ya wapinzani, ukiondoa matusi, ilikuwa hii: mmesahau muda. Tufe lenye kasi kubwa linaingia ndani zaidi, kweli, lakini pia linachukua muda mrefu zaidi kusimama. Mkihesabu shimo peke yake mnapima nusu ya habari.

Walikuwa na haki. Chukua tufe moja, uligongeshe kwenye kitu kinacholikinza kwa kani isiyobadilika, kwanza kwa kasi 1, kisha kwa kasi 2. Mara ya pili litasimama baada ya muda mara 2, na litakuwa limezama mara 4. Atakayehesabu muda ataapa kwamba nguvu imeongezeka mara 2. Atakayehesabu umbali ataapa kwamba imeongezeka mara 4. Wote wawili wanatazama tufe lilelile, na hakuna anayesema uongo. Kani ikizidishwa kwa muda inatoa kile tunachokiita leo momenta, yaani tungamo mara kasi. Kani ikizidishwa kwa umbali inatoa nishati mwendo. Udongo ni chombo cha umbali. Ulijibu swali la umbali kwa usahihi, na haukuwa na njia ya kujibu jingine.

Chombo cha kujibu swali la pili kilikuja kutoka mahali penye damu. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alitoa kitabu cha elimu ya mizinga na bunduki, na ndani yake alieleza pendulumu yake: bamba zito la chuma lililofunikwa kwa mbao, likining'inia. Risasi inapigwa, inaingia katika mbao, na pendulumu inayumba nyuma ikivuta utepe unaoonyesha imekwenda umbali gani. Wakati wa kugonga, sehemu kubwa ya nishati ya risasi inapotea katika kupasua mbao na kuzipasha joto, lakini momenta haipotei, inahamia kwenye pendulumu nzima. Kutokana na kuyumba huko Robins alipata kasi ya risasi zaidi ya futi 1,600 kwa sekunde, mwendo ambao hakuna saa ya wakati ule ingeweza kuunasa. Kwake tungamo mara kasi ndiyo iliyotoa jibu. Angetumia kasi mraba angepotea kabisa.

Mwaka uliofuata, 1743, Jean d'Alembert aliandika kwamba ubishi wote ulikuwa ubishi wa maneno. John Desaguliers, aliyekuwa mtu wa majaribio katika Royal Society na mpinzani wa nguvu hai kwa miaka mingi, naye alifika hapohapo. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja. Maneno yalichangia, kwani Kilatini, Kifaransa na Kiingereza vyote vilitumia neno moja la nguvu kwa mambo mawili. Lakini mambo yenyewe ni mawili kweli, na lile la umbali halikuwa na jina kabla ya Leibniz. Udongo ulikuwa umegusa nishati zaidi ya miaka 80 kabla Thomas Young, mwaka 1807, hajaipa jina inaloitwa leo katika fizikia. Kuhusu ile nusu tunayoiandika shuleni mbele ya tungamo mara kasi mraba, iliwekwa na Gaspard-Gustave Coriolis mwaka 1829, ili hesabu iendane na kazi ya mashine.

Vyombo vya kuangusha vitu havikuishia kwenye pigo. Mwaka 1784 George Atwood wa Cambridge alieleza mashine ambayo ingeweza kupunguza mwanguko hadi uonekane. Uzi unapita juu ya kapi, kila ncha ina uzito sawa, na upande mmoja unawekewa kipande kidogo cha ziada. Ekseli ya kapi imelazwa juu ya magurudumu madogo ili msuguano usiharibu hesabu. Kipande cha ziada kikiwa sehemu 1 ya 64 ya mzigo wote unaosogea, kasi inaongezeka kwa inchi 6 tu kila sekunde, badala ya inchi 386 za kitu kinachoanguka huru. Pete iliyofungwa njiani inakiondoa kipande cha ziada wakati uzito unapopita, na kuanzia hapo mwendo unakuwa wa kasi moja, ambayo mtu anaisoma kwenye rula huku saa ya pendulumu ikigonga sekunde. Ni chombo kizuri, na maabara nyingi za shule bado zinacho. Ila kinafundisha tu. Hakikumshangaza mtu kama udongo ulivyomshangaza 's Gravesande.

Mrithi halisi wa sanduku la udongo hayumo maabarani, yuko kwenye viwanja vya ujenzi. Kabla ya kumwaga msingi wa jengo refu, wahandisi huchoronga tundu ardhini, wakashusha bomba la chuma, na kulipigilia kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76. 's Gravesande aliushika udongo uleule akabadilisha pigo. Hawa wameshika pigo lilelile, takriban jouli 473 kila mara, ili kuujua udongo. Sentimita 15 za kwanza haziingizwi katika hesabu. Kwa 30 zinazofuata, mapigo yanahesabiwa moja moja na kuandikwa. Yakiwa machache, udongo ni mlegevu. Yakifika 50 na bomba bado halijazama kiasi hicho, kwa kawaida jaribio husimamishwa.